Kdump kupitia SSH: moduli ya kadi ya mtandao inakataa kupakiwa kwenye keneli ya pili

fundi_wa_zamu

Habari za kazi, wadau. Ninasimamia seva yenye RAM ya GB 48 inayotumia Linux ya jamii ya RHEL (Red Hat Enterprise Linux) 9. Nimeipangia kdump ili keneli (kiini cha mfumo endeshi) ikianguka, picha ya kumbukumbu itumwe kwa SSH (muunganisho uliosimbwa wa mtandao) hadi seva nyingine. Funguo nilizipeleka kwa `kdumpctl propagate`, na huduma inaonyesha kuwa iko tayari. Hata hivyo, ninapoiangusha keneli kwa makusudi kwa `echo c > /proc/sysrq-trigger`, keneli ya pili (ile ya akiba inayonasa picha) huwaka, kisha konsoli huandika kwamba moduli (kiendeshi) ya kadi ya mtandao imeshindwa kupakiwa, na seva hujiwasha upya bila kutuma chochote. Nikielekeza picha hiyo kwenye diski ya ndani, huandikwa bila tatizo. Kwa kuwa moduli hiyohiyo inafanya kazi kila siku kwenye keneli ya kawaida, naomba kujua nianze kuchunguza wapi.

mzee_wa_konsoli

Ndugu, kufanya kazi kwenye keneli ya kawaida hakuthibitishi mengi, kwa sababu keneli ya pili huishi ndani ya kipande kidogo cha RAM kilichotengwa na kigezo cha `crashkernel`, tena huwa na initramfs yake yenyewe (mfumo mdogo wa mafaili unaopakiwa kwenye RAM keneli inapowaka), iliyopunguzwa hadi ikabaki na vile tu vinavyohitajika kuhifadhi picha. Tunahitaji maneno kamili ya kosa. `Unknown symbol` humaanisha kwamba moduli inayotegemewa haipo au hailingani; ujumbe wa firmware (programu ya ndani ya kadi yenyewe) unaoishia na `error -2` humaanisha kwamba faili la firmware halikuingizwa. Kosa la saini ya kidijitali ya moduli tuliweke kando, maana lingejitokeza hata kwenye keneli ya kawaida.

Tafadhali tazama yaliyomo kwa `lsinitrd /boot/initramfs-$(uname -r)kdump.img`, kisha utuletee pia jibu la `cat /sys/kernel/kexec_crash_size`.

fundi_wa_zamu

Ahsante, mzee. Moduli na firmware yake vyote vimo. Kosa linasomeka `Cannot allocate memory`, na ukubwa uliotengwa ni 268435456.

mzee_wa_konsoli

Hizo ni MB 256, kiwango ambacho RHEL 9 hutenga yenyewe kwa mashine za x86_64 zenye RAM kati ya GB 4 na 64. Kwa diski ya ndani kiasi hicho hutosha. Unapochagua SSH, initramfs hubeba pia NetworkManager (programu ya kusimamia mtandao), programu ya SSH na kiendeshi cha kadi, na kiendeshi hicho, mara tu kinapoamka, hutenga nafasi za kupokelea pakiti kwa kila foleni ya kadi. Kigezo cha `nr_cpus=1`, ambacho kdump hukiweka yenyewe, kwa kawaida hupunguza idadi ya foleni, lakini kadi za kasi kubwa bado huwa na ulafi. Kwa hiyo moduli yako si mbovu, imekosa nafasi.

Anza na `kdumpctl estimate`, ambayo hukadiria kiasi kinachohitajika na kutaja moduli kubwa zilizopakiwa. Kisha ongeza:

`grubby --update-kernel=ALL --args="crashkernel=512M"`

Baada ya hapo ni lazima uwashe seva upya, kwa sababu nafasi hiyo hutengwa wakati keneli inapowaka.

bi_mitambo

Naheshimu ushauri huo, ila nisingeongeza kabla ya kupunguza. Nafasi iliyotengwa haitumiki tena na keneli ya kawaida, na ingawa kwenye GB 48 hilo si neno, mwenye mashine pepe ya GB 4 akinakili amri hiyo ataumia. Kadi nyingi za kisasa huvuta pamoja nazo moduli za RDMA (njia ya kompyuta kusoma kumbukumbu ya nyingine moja kwa moja kupitia mtandao) ambazo hazina kazi yoyote katika kutuma picha kwa SSH. Ziondoe ndani ya `/etc/kdump.conf` kwa mstari wa `dracut_args --omit-drivers`, lakini kwanza soma `modinfo -F depends` ya kiendeshi chako, usije ukaondoa kile kinachotegemewa. Kisha endesha `kdumpctl restart`, na ujaribu tena.

fundi_wa_zamu

Nimefanya yote mawili. Kuondoa moduli za RDMA peke yake hakukutosha, kosa lilirudi vilevile. Nilipoongeza hadi MB 512, moduli ilipakiwa, mtandao ukapatikana, na picha ikafika upande wa pili.

bi_mitambo

Vizuri. Sasa ongeza `failure_action dump_to_rootfs` kwenye faili hilohilo. Kwa chaguo la kawaida, utumaji ukishindwa seva hujiwasha upya na ushahidi wote hupotea, kama ulivyoona. Kwa mstari huu, keneli ya pili itajaribu kuandika picha kwenye diski ya mfumo kabla ya kuwasha upya. Hakikisha tu kwamba `/var/crash` ina nafasi ya kutosha.