Nimelipia msaada wa barabarani "Afrika Mashariki yote", gari-nyumba limekufa Lubumbashi, naambiwa Congo haimo

Wakuu, mods naomba msiunganishe uzi huu na ule wa bima za bodaboda. Leo ni siku ya tisa niko Lubumbashi, naandika nikiwa kwenye kiti cha dereva ndani ya uzio wa gereji, na sijui nimtukane nani kwanza.

Nina Coaster niliyoigeuza nyumba: vitanda vinne, jiko la gesi, friji, tenki la maji, sola juu ya paa. Likizo hii tukasema twende Katanga, watoto wakayaone maporomoko ya Lofoi kule Kundelungu, maji yanayodondoka zaidi ya mita 300. Dar, Tunduma, Mpika, Kapiri Mposhi, Kitwe, Kasumbalesa. Gari halikukohoa hata mara moja.

Kabla ya kuondoka nilinunua kifurushi cha msaada wa barabarani kwa kampuni moja ya Dar. Jina silitaji, sheria za jukwaa nazijua. Kwenye kipeperushi wameandika kwa herufi kubwa NCHI ZOTE ZA AFRIKA MASHARIKI. Nikamuuliza dada wa kaunta, na Congo je? Akacheka: "Kaka, si walishaingia Jumuiya?" Kweli, waliingia 2022. Nikalipa, na nikalipa bei ya juu kwa sababu walikuja wenyewe kulipiga picha gari ndani na nje.

Kama kilomita 30 kabla ya Lubumbashi taa ya betri ikawaka, mkanda ukalia kama mbuzi anayechinjwa, harufu ya mpira ikajaa ndani. Altaneta, ile inayochaji betri, imekwama, haizunguki. Na mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji, kwa hiyo habari ya kujikokota mpaka mjini haipo, utaua injini.

Sasa sikilizeni kitu ambacho hakuna mtu aliniambia. Coaster zetu mlango wa abiria uko kushoto. Congo wanaendesha kulia. Ukiegesha pembeni, mlango unafungukia katikati ya barabara, usoni kwa semi zilizobeba shaba. Wanangu nimewatoa kwa mlango wa dereva mmoja mmoja. Vijana wa pale wakakata matawi wakayapanga barabarani nyuma yetu bila kuambiwa, na hawakuomba hata mia.

Nikapiga simu Dar. "Samahani mteja, Congo haimo kwenye orodha yetu." Orodha ipi? Kumbe wanatumia ile iliyochapishwa kabla Congo haijaingia! Kipeperushi kipya, orodha ya zamani. Nikabishana mpaka salio likaisha. Nikanunua laini ya huku, nikapiga saa kumi na robo jioni, kimya. Nimesahau kwamba huku wako nyuma kwa saa moja. Dar ni saa kumi na moja na robo, wameshafunga wamekwenda kula mishikaki.

Bredauni nikakodi mwenyewe. Kwanza akaja mwenye ya magari madogo, akaitazama Coaster, akacheka, akaondoka. Ya pili ikawa kubwa, wanataka dola taslimu, na dola zenyewe ziwe kama zimetoka kiwandani leo. Noti ina kijipasuko cha kucha tu, inarudishwa. Wanaokuja huku, kagueni noti zenu kabla ya kuondoka, na za dola moja moja acheni nyumbani.

Kesho yake meneja wa Dar akanipigia, mpole kama asali. Congo amekubali. Ila gharama ya kuvuta hairudishwi, kwa sababu mkataba ni wa "gari binafsi lisilozidi tani 3.5" na Coaster ni basi. Basi! Walilipiga picha wenyewe, vitanda wameviona, friji wameifungua!

Subirini, hilo bado si baya. Gereji ya Kamalondo inafungwa jioni, na mlinzi amekataa: "Papa, mama na batoto habawezi kulala humu." Simlaumu, si kosa lake. Mkataba wangu unasema gari likilala gereji nalipiwa malazi. Nikaomba malazi. Jibu nalinakili kama lilivyo: "Mteja hastahili malazi kwa kuwa chombo kina malazi ndani yake."

Someni tena. Wakati wa kuvuta ni basi. Wakati wa hoteli ni nyumba. Na nyumba yenyewe imefungiwa na kufuli la mtu mwingine, mke wangu na watoto wako nyumba ya wageni barabara ya Kasapa, dola 40 kwa usiku, wanakula bukari (ugali wa huku) na lenga-lenga (mchicha) wamezoea kuliko mimi.

Fundi ni mzee mmoja mtulivu, naye namwita Papa. Alisikiliza injini, akasema: "Moteri iko nzima, ni dinamo tu njo imekufa." Injini yangu, 1HZ ya dizeli ya Toyota, huku wanaijua kama kiganja, Land Cruiser za migodini zimejaa nayo. Tatizo ni kwamba Land Cruiser hizo ni volti 12, Coaster yangu ya Japani ni volti 24. Kampuni ikasema itatuma spea. Nikawatumia picha ya kibandiko cha altaneta, namba zinasomeka. Siku sita baadaye boksi likafika. Papa akalifungua, akaligeuza, akanitazama kwa huruma.

Volti 12.

"Bale batu ba Dar, habasomake?"

Papa amepata ya volti 24 Kitwe, inakuja na basi kwa pesa yangu. Kibali cha forodha cha gari kimebakiza siku nne. Kikipita, faini ni ya nani?

Na wale wenye "si ungetumia Yellow Card", ile bima ya COMESA ya kuvuka mipaka, nawawahi. Ninayo. Ile inamlipa uliyemgonga na matibabu ya ajali. Altaneta haikumgonga mtu. Wa "ungepanda ndege" wapite kulia, huku ndiko magari yanakopita.

Ninachotaka: kuna mtu hapa amewahi kupeleka kampuni kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima akashinda? Ilichukua muda gani, na walitaka karatasi zipi? Maana risiti zangu zote ninazo, za bredauni, za nyumba ya wageni, za fundi, lakini ni za Kifaransa. Jana usiku kampuni imenitumia ujumbe: hawazipokei mpaka zitafsiriwe na zigongwe muhuri. Nimeuliza muhuri wa nani. Hawajajibu, wameshafunga.