Folda za flashi hazionekani hata baada ya kuonesha mafaili yaliyofichwa

Mwalimu_Wete: Assalamu alaykum, ndugu zangu. Nilipeleka flashi kwenye duka la kuchapishia ili nitoe mitihani ya muhula ya skuli, na nilipoichomeka tena nyumbani nikakuta kila folda imegeuka njia ya mkato (shortcut). Kompyuta yangu ina Windows 10, na nimekwisha kutia alama kwenye «Hidden items» ndani ya «View», lakini hakuna kilichojitokeza, ingawa flashi inaonesha kuwa imejaa zaidi ya nusu. Nimeshauriwa niifomati, yaani nifute kila kilichomo. Je, hakuna njia nyengine?

Fundi_Darajani: Wa alaykumu salaam, maalim. Usiifomati, wala usizibofye hizo njia za mkato, kwani kuzibofya ndiko kunakomwamsha kirusi. Nafasi iliyojaa ni ushahidi kwamba vitu vyako vingalimo. Kirusi hakikuzipa folda zako sifa ya kufichwa peke yake, bali kimeziongezea na sifa ya mfumo, na kwa kuwa Windows huyaficha mafaili ya mfumo kwa mpangilio mwengine kabisa, alama uliyoitia haikufua dafu. Andika cmd katika sehemu ya kutafutia, na dirisha jeusi likifunguka, ikiwa flashi imepewa herufi E, andika hivi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Alama ya kutoa (-) huondoa sifa: h ni ya kufichwa, r ni ya kusomwa tu, na s ni ya mfumo; /s na /d ni za kuifikisha amri kwenye folda zote na vilivyomo ndani yake. Ukiondoa h peke yake, Windows itakukatalia maadamu s bado ipo.

BintChake: Naafiki, ila flashi ipitishwe kwanza kwenye programu ya kukinga virusi, kwa sababu kirusi kikibaki humo kitaweza kuyaficha mafaili upya. Wapo watakaokwambia uondoe alama kwenye «Hide protected operating system files»; inafaa kwa kutazama tu, lakini irudishe ukimaliza, maana katika diski C yatajitokeza mafaili ambayo mtu akiyafuta kwa kudhani ni takataka, kompyuta huenda isiwake tena. Na mitihani, maalim, si ya kuzungushwa madukani hata kama flashi ni safi.

Mwalimu_Wete: Ahsanteni sana. Programu imekikamata kirusi na amri imepita, lakini folda zangu hazikurejea mahali pake. Imejitokeza folda moja tu isiyo na jina. Niifungue?

Fundi_Darajani: Ifungue. Baadhi ya virusi vya aina hii huhamishia kila kitu katika folda ambayo jina lake ni nafasi tupu, hivyo huenda vyote vimo humo. Nakili mitihani kwenye kompyuta, fungua faili moja moja kuhakikisha ni zima, ndipo uifomati flashi. Faili lolote linaloishia na .lnk (njia ya mkato), .vbs au .js (maandishi ya amri ambayo kirusi huweza kujificha humo) usilinakili.