Leta (serikali) ilipie roketi zinazoweza kuanguka?

Mwalimu wa fizikia, komini (mtaa) iitwayo Kenya, Lubumbashi, Kongo: Wanafunzi wameniuliza kwa nini Marekani inalipia mawazo ya anga yasiyo na uhakika. NASA, shirika lake la anga, ina programu ya mawazo hayo, NIAC: ilianza 1998, ikafungwa 2007, ikarudi 2011. Niwajibu nini? Darasa letu halina hata mizani.

Jibu: Mwalimu, mfanyabiashara hangoji miaka 20. Leta inaweza kungoja.

Jibu: Ndugu zangu, hapa kwetu Shaba (jina la zamani la Katanga) kampuni binafsi ya Ujerumani, OTRAG, ilirusha roketi 1977. Moja ya 1978 ilianguka mbele ya Rais Mobutu. 1979 mkataba wake na Leta yetu ukavunjwa. Kuanguka hakuniumizi. Kinachoniuma: hatukubaki na maabara.

Mwalimu: Asante, mzee. Kesho nawasimulia hiyo.