Naomba ushauri: vitabu vya zamani vya watoto na ukungu wa pwani

Wakuu, habari za muda huu. Nipo Mikindani, Mtwara. Nakusanya vitabu vya zamani vya watoto, vile vya mfululizo. Famous Five ya Enid Blyton iko 21 (1942 hadi 1963), na nusu sijafikisha.

Shida kubwa ni unyevu. Kabati liko mbali na dirisha, lakini masika yakikolea majalada ya kitambaa yanaota madoa meupe kama unga wa muhogo, na kuna vidudu vinakula gundi ya mgongoni mpaka kurasa zinachomoka. Jua kali nalo linapausha rangi. Mnahifadhije nyie wa pwani? Mkaa ndani ya kabati unasaidia kweli, au ni maneno ya mtaani?

La pili, kuna mtu wa Dar ananiuzia kitabu cha Nancy Drew (mfululizo wa Kimarekani wa msichana mpelelezi), anadai ni chapa ya kwanza kwa sababu ndani imeandikwa 1930. Huo si mwaka wa hakimiliki tu? Kuanzia 1959 hadithi zile za mwanzo ziliandikwa upya na kufupishwa, na mimi naitaka ya zamani nimsomee binti yangu. Nimwombe picha za kurasa zipi kabla sijatuma hela?