Tupeane uzoefu: mstari uliokatwa katikati kwenye mabishano ya ubinadamu wa Yesu (wa Mtwara na Lindi tukutane hapa)

Mwana Mikindani (mleta mada)

Habari za jioni wadau wa Kusini. Kama umewahi kusimama kwenye mhadhara wa dini hapa kwetu unajua utaratibu. Mtoa mada hasomi mwenyewe, ana msomaji wake pembeni na maikrofoni ya pili. "Fungua Yohana 17, mstari wa 3. Soma!" Msomaji anasoma: "Wakujue wewe, Mungu wa pekee wa kweli, na Yesu Kristo uliyemtuma." "Ishia hapo! Rudia!" Anarudia. Takbir zinapigwa, mtoa mada anafuta jasho, tunahamia kitabu kingine. Mstari wa 5, ambapo Yesu huyohuyo anayeomba anataja utukufu aliokuwa nao kwa Baba kabla ya ulimwengu kuwako, haufunguliwi.

Juzi nimekutana na mkutano wa injili, mchezo ni uleule. Yohana 10:30, "Mimi na Baba tu umoja", haleluya, mbele kwa mbele.

Sitaki tuamue hapa kama Yesu ni mtu tu, au ni Mungu aliyetwaa mwili. Vikao vya hilo vimekaliwa tangu mkutano wa maaskofu kule Nikea mwaka 325. Nataka visa: mstari gani ulikatwa, wapi, na uliposomwa mzima ikawaje? Matusi peleka kwingine.

Mmakua wa Masasi

Mimi nimekulia kwenye kivuli cha misheni, hawa wamisionari Waanglikana wa UMCA walifika Masasi mwaka 1876, kwa hiyo Biblia kwetu ni ya babu. Mstari wangu ni Hesabu 23:19. Ulisomwa karibu na stendi, kijana wa watu akaambiwa aishie kwenye "Mungu si mtu". Hapo mtoa mada akamaliza: Yesu ni mtu, Mungu si mtu, nendeni nyumbani.

Kulikuwa na bibi mmoja anauza ming'oko, kakaa na beseni lake, hata hakuinuka. Akasema kwa sauti, "Mjukuu wangu, hapo pana mkato, hapana nukta. Endelea." Watu wakacheka, kijana akaendelea: "Mungu si mtu, aseme uongo, wala si mwanadamu, ajute."

Anayesema hayo ni Balaamu. Mfalme Balaki wa Moabu amemkodi awalaani Israeli, na kila laana ikigoma anamhamisha kilima, akidhani pengine Mungu atabadili mawazo. Jibu ndilo hilo: huyu hageuki neno kama sisi tunavyogeuka. Habari ya Mungu kuweza au kutoweza kutwaa mwili haikuwa mezani siku ile.

Mtoa mada naye hakuwa mtu wa mchezo. Alisema, sawa, lakini hata ukisoma wote, bado Mungu na mtu wametenganishwa. Kweli wametenganishwa. Ila kwa lipi? Kwa uongo na kigeugeu. Nikimwekea mizani, nampa nusu.

Ustadhi wa Ng'apa

Assalaam aleikum na tumsifu Yesu Kristo, kila mtu achukue ya kwake.

Nimefurahi mleta mada hakuegemea upande, maana sisi nasi tunakatwa sana. Lindi mjini hapa alikuja mhubiri anajua kusoma Kiarabu kidogo, akafungua Surat An-Nisaa aya ya 171. Akasoma kwamba Masihi Isa ni neno Lake alilompelekea Maryamu na ni roho itokayo Kwake. Akafunga msahafu. "Mmesikia wenyewe! Neno na Roho! Kitabu chenu kimekiri!"

Mzee wetu mmoja akanyoosha bakora, akaomba aya isomwe toka juu hadi chini. Ni aya moja hiyohiyo jamani, hata si kwenda ya pili. Inaanza kwa kuwakataza Watu wa Kitabu wasipindukie mipaka katika dini yao. Inasema Isa ni Mtume wa Mwenyezi Mungu kabla ya kufika kwenye neno na roho. Halafu inasema msiseme watatu, komeni, Mungu ni mmoja tu. Sasa unachukuaje maneno ya katikati ukamwachia mwenyewe kichwa na mkia?

Ukitaka kusema "mimi Mkristo nalielewa Neno kwa namna yangu ya Yohana 1", sema, tutakusikiliza. Usiseme Qur'ani imekiri.

Bin Shangani

Tatizo ni hizi namba. Mistari ya Agano Jipya ilipewa namba na mchapaji wa Kifaransa, Robert Estienne, mwaka 1551. Kabla ya hapo ungemwambia nani "ishia hapo"?

Mama Korosho, Newala

Mimi sijui mihadhara, ya kwangu ilinikuta uani. Ilikuwa msimu, nabangua korosho za kukaanga, mikono myeusi tii kwa yale mafuta ya ganda. Wakaja wahubiri wawili wa nyumba kwa nyumba, wapole, wamevaa vizuri. Wakanisomea Wakolosai 1:15, Yesu ni "mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote". Kwa hiyo, mama, na yeye ni kiumbe, ni wa kwanza tu kuumbwa.

Kitabu siwezi kukishika kwa mikono ile, nikamwita mwanangu wa darasa la sita aje asome mstari unaofuata. Akasoma, "Kwa kuwa katika yeye vitu vyote viliumbwa." Nikawauliza, kama vyote viliumbwa katika yeye, na yeye aliumbwa katika nani? Wakanijibu vizuri tu, kwamba ni vitu vingine vyote mbali na yeye. Nikawaambia hilo "vingine" mwanangu hakulisoma.

Baadaye katekista wetu akanionyesha Zaburi 89:27, Mungu anasema atamfanya Daudi mzaliwa wa kwanza, juu ya wafalme wa dunia. Na Daudi alikuwa kitinda mimba kwa Yese! Basi hapo ni cheo. Wale wageni walikunywa maji, wakaondoka na korosho kidogo kwenye karatasi. Hatukugombana.

Mvuvi Msomi

Kwetu ni Marko 4. Ustadhi kauliza, Mungu analala? Akaweka Ayatul Kursi, haumshiki usingizi wala kulala, na Zaburi 121 inasema vilevile kwamba mlinzi wa Israeli hasinzii. Yesu kalala chomboni, kichwa juu ya mto wa kulalia, mstari wa 38. Kimya kikatanda upande wa wakristo.

Mistari mitatu mbele, wavuvi walewale wanaulizana, "Ni nani huyu, basi, hata upepo na bahari humtii?" Niliwaambia wenzangu, someni! Wakasoma. Ustadhi akajibu Musa naye alipasua bahari na hakuwa Mungu. Jibu zuri, ila Musa alinyoosha fimbo kwa amri ya Mungu, huyu kaamka usingizini akaikemea. Tukaachana hapo, upepo wa kusi ulikuwa mkali.

Aliyekuwa Ndanda

Nimesoma yote, ngoja niseme linaloniuma mimi kama Mkristo, kwa sababu wengi mmewasema wahadhiri wa Kiislamu.

Kijana wetu wa injili aliulizwa hadharani: Yesu alisikia njaa? Mathayo 4:2 inasema aliona njaa. Akajibu, "Alijifanya tu, ili atufundishe." Alichoka kule kisimani, Yohana 4:6? "Alionekana kachoka." Alilia kwa Lazaro? "Ni mfano." Vijana wakashangilia wanadhani kaponyoka mtego. Nyuma yangu alikuwapo padri mzee, nikamsikia anaguna, "Huyu kamuua Kristo kuliko wanaompinga."

Na kweli. Kusema mwili wake ulikuwa wa kuonekana tu ni fundisho la zamani mno, na lililolikataa ni Agano Jipya lenyewe. 2 Yohana mstari wa 7: wadanganyifu ni wale "wasiokiri ya kuwa Yesu Kristo yuaja katika mwili". Yaani barua ile iliandikwa kwa sababu kuna watu ubinadamu wake uliwakwama kooni. Halafu sisi tunasimama jukwaani na kumtetea kwa hoja ya wale walioitwa wadanganyifu.

Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Kalkedonia mwaka 451 ulisema Mungu kweli na mtu kweli, sawa nasi katika yote isipokuwa dhambi. Hilo la dhambi wamelitoa Waebrania 4:15. Na askofu Gregori wa Nazianzo alishasema kabla ya hapo, kisichotwaliwa hakikuponywa. Maana yake kama hakuwa na njaa ya kweli, akili ya kweli ya kibinadamu, woga wa kweli pale Gethsemane, basi hivyo vyetu vimebaki bila mponyaji.

Kwa hiyo Mkristo akisomewa 1 Timotheo 2:5, "Mwanadamu Kristo Yesu", asitoke jasho. Aseme ndiyo. Marko 13:32, Mwana haijui siku ile wala saa? Hapo ni pagumu, mababa wa kanisa wenyewe walihangaika napo, wengi wakasema anazungumza kwa ubinadamu wake. Mwislamu ana haki ya kusema maelezo hayo hayamtoshi. Lakini "ni mtu" siyo kombora kwetu. Ubishi wetu halali na ndugu zetu ni kama yeye ni mtu TU, na hilo halimalizwi kwa orodha ya milo aliyokula.

Ustadhi wa Ng'apa

Mkuu umenena. Ila ile ya milo ipo kwetu, Al-Maida 75, yeye na mama yake walikuwa wakila chakula. Na muktadha wake tuutaje: inawajibu waliosema Mungu ni wa tatu wa watatu, aya ya 73.

Aliyekuwa Ndanda

Naijua. Hiyo ni hoja halali ndani ya Qur'ani yenyewe. Nilichosema ni kwamba anayekula hajakanushwa na imani yetu, anadaiwa na imani yetu.

Mpwa wa Nachingwea

Nyumba yetu mchanganyiko, baba Mwislamu, mama Mkristo, na mwenye neno la mwisho ni mjomba. Idi moja kaka zangu wakakamatana kwa Yohana 10. Mmoja kang'ang'ania mstari wa 30. Mwingine anataka wa 34, "Ninyi ni miungu", kwamba Yesu mwenyewe ananukuu Zaburi 82 kuonyesha neno hilo lilitumiwa hata kwa waamuzi wa watu, kwa hiyo alikuwa anakana kuwa Mungu.

Mjomba akasema hakuna kula pilau mpaka isomwe toka mstari wa 22, ni majira ya baridi, Sikukuu ya Kutabaruku, hadi 39. Tukasoma sufuria likiwa mbele yetu. Aliyependa 30 akakutana na utetezi wa Zaburi ambao huwa hauhubiriwi. Aliyependa 34 akakutana na 38, "Baba yu ndani yangu, na mimi ni ndani ya Baba", na 39, wakatafuta tena kumkamata. Kama alikuwa amekana, mbona hawakuridhika?

Kaka akasema labda hawakumwelewa. Mjomba akasema labda, nawe leta mstari, na akafunua pilau.

Bin Shangani

Zaburi 22 je? Yesu msalabani, "Mungu wangu, mbona umeniacha?" Hiyo nimeisikia kila mhadhara, Mungu anamlilia Mungu gani?

Mmakua wa Masasi

Ndio mstari wa kwanza wa zaburi ile. Ukifika wa 24, inasema Mungu hakumficha mteswa uso wake, alipomlilia alimsikia. Swali la nani anamlilia nani linabaki palepale, ila huwezi kusema kilio kile kiliishia kwenye kuachwa.

Bin Shangani

Sawa. Ijumaa kuna mhadhara mwingine huku kwetu, nitaandika swali kwenye karatasi waisome hadi 24. Wakikataa nitaleta mrejesho.