Tupeane uzoefu: uliwahi kufuatilia uvumi ukiwa mwanafunzi mwandishi?

Habari zenu wadau. Tuliowahi kuandika gazeti la ukutani shuleni, tusimuliane. Naanza mimi.

Nilikuwa kidato cha tatu, Maji ya Chai, Arusha. Mtaani walisema mzee mmoja mwenye kisima ametia dawa kwenye maji, ndiyo maana watoto wana meno ya kahawia. Mkewe akawa anasalimia sokoni haitikiwi. Mwalimu wa klabu akaniambia: kila atakayekusimulia, muulize ameona au amesikia. Niliuliza watu 14. Wote walisikia. Wa 14 akanitajia aliyemwambia: ni yule yule niliyeanza naye!

Mwalimu wa kemia ndiye aliyenifungua macho. Maji yakipita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru huchukua madini ya floridi. Mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya fizi, yanaota yakiwa na madoa. WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, wanashauri floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji. Na hapo jirani tu, Ngurdoto, kuna kituo kinachoichuja kwa mkaa wa mifupa.

Kwa mzee nilienda mwisho, na hilo linaniuma hadi leo. Hakubishana. Aliinua mdomo wa juu kwa kidole, nikaona meno ya kahawia kuliko ya mtoto yeyote pale mtaani. Kazaliwa hapo hapo.

Mdau wa Pasua, Moshi: Dada, yangu iliharibika. Mwenzetu aliacha kuja shule, ikavuma kwamba ana mimba. Jina sikuandika, ila nilitaja kidato na mtaa, basi nani asimjue? Kumbuka kabla ya Novemba 2021 msichana akipata mimba, shule ndiyo imeisha. Kumbe alikuwa anamuuguza mama yake. Nilienda kumwomba radhi. Akanitolea kigoda, akaendelea kuchambua mchicha, hakusema neno.

Mdau wa Ngaramtoni: Sisi tulihesabu magunia ya maharage stoo, maana ilivuma yanauzwa usiku. Saa nne asubuhi mkuu wa shule akalibandua gazeti. Nakala ninayo, wino umefifia lakini hesabu inasomeka. Nikifika nyumbani naipiga picha naileta hapa.