Watoto wanne ndani ya IST: sheria iseme kila mtoto na mkanda wake?

Mama Wanne, Goba:

Wakubwa zangu shikamooni, na wengine habari za jioni. Naleta hoja ambayo najua wengi hawataipenda. Mtoto asiye na kiti chake na mkanda wake asipande gari binafsi, na sheria ya usalama barabarani iliseme hilo waziwazi. Anayekubali hapo ajue amekubali na la pili: familia ya watoto watatu au wanne, na bibi ndani, IST, kigari kidogo cha Toyota, imeshawabana.

Nasema nikiwa na IST uani. Tuliinunua mwaka 2016, namba ya usajili ya D, injini ya sisi 1300, tukiwa na mtoto mmoja na mwingine yuko tumboni. Gari ni lile lile, sisi ndio tumeongezeka. Leo yupo wa darasa la sita, wa darasa la tatu, wa chekechea na mchanga wa miezi minane. Asubuhi mkubwa anampakata wa chekechea nyuma pamoja na mabegi, mimi nimekaa mbele nimepakata mchanga. Jumapili mama mkwe akija kutoka Mbagala tunakuwa saba kwenye gari la watu watano, na tumezoea hivyo.

Mwezi uliopita tulikuwa tunashuka kutoka Goba kwenda Makongo, bodaboda ikachomoka pembeni ikatukatia mbele. Mume wangu akakanyaga breki. Hatukugonga kitu. Ila wa chekechea aliruka kutoka mapajani mwa kaka yake, akapiga mdomo kwenye kiti cha mbele. Jino likatoka, mdomo ukapasuka. Nilimwosha damu pembeni ya barabara nikitetemeka, kwa sababu ile ilikuwa breki tu. Gari likigonga kwa kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo 15 anarushwa mbele kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 300 au zaidi. Hakuna mama wa kuuzuia mzigo huo kwa mikono miwili. Na mimi niliyekaa mbele na mchanga kifuani, ningemgandamiza mwenyewe kwenye dashibodi.

Sasa suala la pesa, maana ndilo jibu ninalopewa kila nikisema. "Gari la viti saba ushuru wake mkubwa." Nilikaa na kikokotoo cha TRA, wakusanya kodi wetu, usiku mzima. IST ya sisi 1300 na Noah, lile gari la familia la viti vingi, ya sisi 2000 ziko kundi moja la injini, lile la juu ya sisi 1000 hadi 2000, ushuru wa bidhaa asilimia 5. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 kwa zote, VAT asilimia 18 kwa zote. Ushuru wa uchakavu, yaani wa umri wa gari, lililopita miaka 10 linalipa asilimia 30, na IST za toleo la kwanza zilipita umri huo zamani, sawasawa na Noah za rika lake. Kinachotofautiana ni thamani ambayo TRA wanaanza nayo kuhesabu. Ukienda kwenye Vanguard au Alphard za sisi 2400, hapo ndipo asilimia 5 inakuwa 10. Kwa hiyo tofauti ipo, sikatai, lakini si kubwa kama tunavyotishana.

Na hapo nina ombi kwa wanaopanga kodi. Uchakavu unaangalia mwaka gari lilipotengenezwa, hauulizi lina mikanda mingapi. Gari la viti saba la familia lingepunguziwa kidogo, wazazi wengi wangehama. Karibuni, pingeni.

Mkazi wa Rangi Tatu:

Dada, pole sana kwa mtoto. Napinga, na napinga kwa moyo mmoja.

Mimi nina watoto watatu na sina gari. Mke wangu asubuhi anapanda bodaboda na wawili, mmoja mbele ya dereva, mwingine katikati. Mvua ikinyesha ndiyo hivyo hivyo, na mfuko wa plastiki kichwani. Ila jirani yetu ana Passo. Akiwaona barabarani anasimama, anawabandika wanangu nyuma pamoja na wake, wanakuwa watano. Siku hiyo mimi nakwenda kazini nina amani. Sheria yako ikija, jirani atasimamishwa yeye wa kwanza na kuandikiwa faini, na kesho hatasimama tena. Wanangu watarudi kwenye bodaboda, ambako hakuna mkanda, hakuna bati, hakuna kitu. Utakuwa umemlinda mtoto wa nani?

Na kupunguza ushuru wa gari la viti saba ni kumpunguzia aliyekwisha kununua gari. Hiyo pesa iende kwenye mabasi. Mwendokasi ilianza Kimara mwaka 2016, na sisi wa Mbagala, barabara ya Kilwa, tulikaa miaka tunaangalia njia imejengwa na basi halipo.

Baba Pacha, Kigamboni:

Mnazungumza viti, semeni na barabara za mtaani. Masika nikitoka nyumbani hadi lami ni madimbwi na mawe. Gari za chini chini zitaacha sahani ya injini njiani. Nina Vanguard ya viti saba na sijutii, pamoja na mafuta inayokula. Ila niseme ukweli, viti vya mwisho ni vya watoto tu, mtu mzima magoti yanagusa kidevu.

Fundi wa Tabata:

Siingii kwenye sheria, nitasema ninachokishika kila siku.

Mama Wanne, ukisema "Noah" sema ipi. Noah ya zamani, ile TownAce Noah ya kabla ya 2001, injini iko chini ya viti vya mbele na gari linasukumwa na tairi za nyuma. Inavumilia, lakini imezeeka na miguu ya dereva na abiria wa mbele iko karibu sana na bampa. Kwa sababu ulizozitaja, usiinunue. Iliyofuata, ya kuanzia 2001, injini imehamia mbele. Nyingi zina D4, ambayo petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Haitaki mafuta machafu. Pampu ya presha ikichoka na masizi yakijaa kwenye njia ya hewa, gari linatetemeka likiwa limesimama, na mwenye gari anabadilisha plagi mara tatu bila kupona. Si gari baya, linataka mwenye nidhamu.

Kwa mtu anayetoka kwenye IST ningemwonyesha Sienta. Ina viti saba na milango ya nyuma ya kusukuma. Msidharau mlango wa kusukuma: kwenye foleni ya shuleni mtoto hafungui ukampiga bodaboda anayepita. Injini yake ni 1NZ, sisi 1500, ile ile ya IST ya 1500, Raum na Probox, kwa hiyo Gerezani hukosi spea na fundi yeyote anaijua. Tatizo lake ni mawili. Ukiinua viti vya mwisho, buti inakwisha, unabaki na nafasi ya mabegi ya shule tu. Safari ya Tanga na mizigo ya watu saba, sahau. La pili, nyingi zina giaboksi ya CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua. Hiyo ina oili yake. Nimefungua giaboksi zilizojazwa oili ya kawaida kwa sababu ilikuwa bei rahisi, na vyuma vilikuwa vimesagika.

Wish pia ina viti saba na inakaa vizuri barabarani, ila milango ni ya kawaida na bibi atainama kuingia nyuma.

Yadini usianze na injini. Kaa kila kiti, vuta kila mkanda kwa nguvu ya ghafla, uone kama unakaza. Wa katikati mara nyingi ni wa kiunoni tu. Wakati mwingine mikanda ya nyuma imezama chini ya kiti au imekatwa na mwenye gari wa kwanza, na hakuna anayetazama. Na kiti cha mchanga kinachoangalia nyuma kisifungwe mbele penye eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga.

Mama Wanne, Goba:

Kaka wa Rangi Tatu, nimesoma maneno yako mara mbili, na la jirani mwenye Passo limenipiga. Mama yangu alitulea kwa lifti za watu. Sitaki sheria inayomtoza faini mtu aliyesimama kwenye mvua. Kwa hiyo narudi nyuma hatua moja: ianze na kiti cha mbele peke yake. Asipakatwe mtoto mbele, awe wako au wa jirani. Hilo halimzuii mtu kutoa lifti, wala halihitaji gari jipya, na ndilo kosa ninalolifanya mimi kila asubuhi. La punguzo la ushuru sitaliacha, ila nakubali kwamba basi la Mbagala lina haki ya kutangulia.

Lakini kwa wenye gari tayari na watoto wanaoendelea kuzaliwa, msimamo wangu ni ule ule. Tunahesabu lita za mafuta hadi za mwisho, EWURA wakitangaza bei Jumatano ya kwanza ya mwezi tunajua wote, halafu mikanda ya nyuma hatujawahi kuihesabu. Jana nilitoka na tochi kuitazama ya kwetu. Mmoja ulikuwa umekwama chini ya kiti, na mbano wake umejaa makombo ya biskuti ya miaka. Tumeutoa na kuusafisha. Wa chekechea sasa anakaa na wake, na mkubwa wa darasa la sita anapanda basi la shule hadi tutakapopata gari.

Baba Pacha, sisi lami imefika karibu na geti, kwa hiyo Vanguard tumeiacha. Tunabaki kati ya Sienta na Wish. Jumamosi tunakwenda yadini wote saba, na mama mkwe ndiye atakayejaribu kuingia kiti cha mwisho. Fundi, ukiwepo asubuhi tutakupitia Tabata ukatusikilizie hiyo CVT kabla hatujatoa hata shilingi ya kumshikisha dalali.